Kumrudisha Bibi Tosamaganga

Bibi yangu hapimi umbali kwa kilometa. Kutoka nyumbani kwake hadi misheni ya Tosamaganga, Iringa, ni rozari tatu, na ya tatu inaishia pale paa la kanisa linapochungulia katikati ya miti. Mvua ikinyesha na njia ikateleza, ni rozari nne. Sisi wajukuu tumekua tukiijua hesabu hiyo, na mimi hadi leo nikitembea peke yangu hujikuta nahesabu hivyohivyo.

Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, nilipewa kazi ya kumrudisha kwake. Alikuwa Dar es Salaam zaidi ya miezi miwili kwa ajili ya mtoto wa jicho. Walianza na jicho la kulia, baadaye la kushoto. Wajomba walitaka abaki mjini, karibu na hospitali na karibu na watoto. Aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza, kisha akasema, "Jumuiya mwezi huu inasali kwangu. Nani atawafungulia mlango?" Hakuna aliyepata jibu. Nikakata tiketi mbili.

Saa 11 alfajiri tulikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi. Begi lake lilikuwa dogo, lakini alikumbatia boksi la mishumaa ya kigango, kanisa dogo lililo chini ya parokia, na alikataa katakata lisiende kwenye buti. Konda akamwambia, "Shikamoo bibi, hapo miguuni halitakaa." Akajibu, "Marahaba mwanangu, basi nitalipakata." Alilipakata hadi Chalinze, ndipo akakubali nimpokee.

Ng'ambo ya njia, usawa wetu, alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono, anashuka Mikumi. Bibi alipotoa rozari, yule mzee naye alikuwa na tasbihi mkononi. Wakatazamana kidogo. "Yako ina punje ngapi, mama?" "Hamsini na tisa." "Yangu tisini na tisa." Bibi akamwangalia kwa heshima ya kweli, akasema, "Basi wewe una safari ndefu zaidi." Wakaendelea, kila mtu na zake, hadi Morogoro.

Zamani Alhamisi tulisali matendo ya furaha ya rozari. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza matendo ya mwanga, Alhamisi ikawa siku yake. Wazee wengi walichelewa kuyazoea. Bibi hajui kusoma vizuri, kwa hiyo alimfuata katekista kila jioni wiki nzima mpaka matendo yote matano yakamkaa kichwani. Siku hiyo kwenye basi alinisahihisha niliporuka la tatu, kutangazwa kwa Ufalme wa Mungu.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi nyasi zilikuwa zimekauka, na basi lilipunguza mwendo. Ghafla akanishika mkono. "Mke mwenzangu, wale ni twiga au miti?" Walikuwa twiga, watatu, mbali kidogo na barabara. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema taratibu kwamba tulipokwenda Dar alisikia abiria wakiwataja wanyama, naye akaitikia tu ili asiwasumbue watu. Nilikuwa nimekaa naye siku ile, kiti kimoja, na sikujua. Bado linaniuma.

Kuanzia hapo hakusinzia tena. Mibuyu ya bonde la Ruaha Mbuyuni aliitazama mmoja mmoja, na vichane vya vitunguu vilivyoning'inizwa kando ya barabara akavisifia rangi. Kisha tukaanza kupanda Kitonga, na katikati ya mlima tukasimama. Lori lilikuwa limeharibika kwenye kona, magari yamejipanga juu na chini, huku ukuta wa mwamba, huku korongo. Tulikaa karibu saa mbili. Mtoto mmoja alilia kwa joto, watu wakaanza kumgombeza dereva kana kwamba lori ni lake. Bibi akauliza kama kuna Mkatoliki. Mikono minne ikainuka. Wakasali rozari nzima wakiwa wamekaa, na mama wa yule mtoto, ambaye alisema yeye ni Mlutheri, akaitikia naye. Mtoto akalala.

Ni pale Kitonga aliponisimulia maisha yake, au sehemu yake, maana Bibi husimulia kama anavyopalilia: huanzia popote palipo na majani.

Siku aliyozaliwa haijui mtu. Tunayo tarehe ya ubatizo, 1933, kwenye daftari la misheni, na hiyo ndiyo anayoisherehekea. Misheni yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko mama yake. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Tosamaganga wakati Mkwawa, chifu wa Wahehe, akiwa bado porini anapigana, kabla ya kufa mwaka 1898. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wakaondoka na Wakonsolata kutoka Italia wakashika kazi. Akiwa msichana alikaa hapo miezi kwa ajili ya mafundisho ya komunio, analala chini na wenzake, asubuhi wanabeba mawe na maji. Misa ilikuwa Kilatini. Hakuelewa neno, lakini akayashika majibu yote. Pale kwenye basi nikamjaribu: "Dominus vobiscum." Akajibu bila kusita, "Et cum spiritu tuo," akacheka.

Aliolewa ng'ambo ya Ruaha Mdogo. Mwaka 1954, fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga kutoka Ujerumani na Chifu Adam Sapi akalipokea, alikuwa kwenye umati ule, mama yangu mkubwa mgongoni. Anachokikumbuka zaidi ni ukimya wa wazee wa kiume. Alizaa tisa. Watatu aliwazika, mmoja akiwa mtu mzima mwenye watoto, na watoto wale aliwachukua yeye. Babu alifariki mapema. Kulea wote hao aliuza mahindi, maharage na viazi, na kila mmoja alifika angalau darasa la saba.

WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, ilipoanzishwa mwaka 1972, haikuchukua muda kufika parokiani kwao, naye akawa miongoni mwa wa mwanzo kujiandikisha. Watu hudhani kazi ya WAWATA ni sare na nyimbo za jubilei. Kwa Bibi ilikuwa kuni. Msiba ukitokea anakwenda na mzigo wa kuni kichwani na unga kwenye kisonzo, anafika kabla ya ndugu wa marehemu. Mwanamke akijifungua, anafika. Ndoa ikitetereka, anafika na kukaa jikoni, hasemi kitu, mpaka mmoja wao aanze kusema. Hajawahi kutuma salamu akiwa na miguu ya kwenda mwenyewe. Mama yangu anasema utoto wao wote walimngoja mlangoni, wakati mwingine kwa hasira, chakula kimepoa. Nami naiamini hasira hiyo. Lakini mama huyohuyo leo ndiye mtunza hazina wa jumuiya yake huko Mbagala, na ukimpigia Jumamosi asubuhi hapokei.

Lori liliondolewa. Juu ya Kitonga hewa hubadilika mara moja, na pale Ilula, kwenye nyanya na vitunguu, abiria wote walikuwa wamevaa masweta. Tuliingia stendi ya Igumbilo saa kumi na moja jioni. Nilitaka tulale mjini Iringa. Akanitazama kwa macho yake mapya, nikaenda kutafuta gari.

Tosamaganga ni kilometa kama 15 kutoka mjini. Aliomba dereva asimame kanisani. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Alipiga goti, jambo ambalo daktari alimkataza kufanya haraka, akakaa kwenye benchi lake, upande wa kushoto, la nne kutoka mbele. Nilidhani atasali. Badala yake alitazama: dirisha, altare, sanamu ya Bikira Maria, ukuta. Kisha akanong'ona, "Ukuta umepakwa rangi. Hawakuniambia." Tukaacha nusu ya mishumaa kwa sakristani, nusu ya kigango.

Giza lilikuwa linaingia tulipovuka mto. Nilijua nyumbani kuna moto na mjomba mdogo ameshasonga ugali. Bibi akaniambia tupitie kwanza kwa jirani yake, mwenzake wa WAWATA tangu mwanzo, aliyelala kitandani tangu Pasaka kwa kiharusi. Nikamwambia Bibi, kesho. Alikuwa ameshashuka.

Nilimfuata na mabegi. Chumba kilikuwa na taa ndogo ya sola na harufu ya moshi. Bibi akasimama kizingitini, akashika fremu ya mlango.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina," ikajibu sauti nzito ya kukwama, ya upande mmoja wa mdomo. "Kamwene, nyalukolo. Umepona macho?"

"Kamwene. Nimepona." Akasogea hadi kitandani, akainama, akamwangalia mwenzake usoni kwa muda. "Umezeeka."

Yule mgonjwa akacheka mpaka blanketi likatikisika, na Bibi akakaa ukingoni mwa kitanda, viatu vikiwa bado na vumbi la safari, akaingiza mkono mfukoni kutafuta rozari. Nikaweka mabegi chini.