Nilinakili mradi, Django ikaingia kwingine

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza Python ulikuwa huu: pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, ikikataa, tanguliza `sudo`, yaani endesha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Ushauri mbaya kabisa. Kwenye Linux, zana kadhaa za mfumo hutegemea Python hiyohiyo. Ukichezea maktaba zake, zana hizo zinaweza kugoma. Ndiyo maana Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, huikataa pip kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Usiulazimishe. Weka `python3-venv` kwa apt, kisakinishi cha Debian, ingia kwenye folda ya mradi, uandike `python3 -m venv .venv` kuunda mazingira pepe, yaani folda ya maktaba za mradi huo peke yake, kisha `source .venv/bin/activate` kuyawasha.

Mimi hayo niliyafanya, na bado nikakwama. Nilitaka kujaribu Django 4.2 (Django ni maktaba ya kujengea tovuti) bila kugusa mradi uliokuwa kwenye 3.2, nikanakili folda nzima pamoja na `.venv` yake. Nikawasha mazingira ndani ya nakala, alama ya `(.venv)` ikatokea, nikapandisha toleo. Kwenye msimbo wa nakala nikabadilisha `url()`, ya kupanga anwani za kurasa, iliyoondolewa Django 4.0, nikaweka `re_path()`. Nakala ikaenda vizuri. Mradi wa awali ndio ukaanguka kwa `ImportError`, ilhali sikuwa nimeugusa!

Jibu nililikuta ndani ya faili la `activate`. `VIRTUAL_ENV` huandikwa humo kwa njia kamili ya folda, siku mazingira yanapoundwa. Nakala yangu ilikuwa inawasha mazingira ya folda ya kwanza, na Django mpya ikaingia huko, ambako msimbo bado ulikuwa unaita `url()`. Alama ile ya `(.venv)` haithibitishi kitu, `which python` ndiyo inayokuonyesha uko wapi. Ukihamisha folda badala ya kuinakili, njia hiyo haipo tena, nawe unaangukia Python ya mfumo huku alama ikiwa palepale.

Kwa hiyo `.venv` sihamishi wala sinakili. Naifuta, naunda nyingine, halafu `python -m pip install -r requirements.txt`. Faili hilo, lenye orodha ya maktaba na matoleo yake, nalitoa mapema kwa `python -m pip freeze > requirements.txt`, na `.venv` naiandika kwenye `.gitignore`, ili Git isiihifadhi. Hata ukitoka Python 3.11 kwenda 3.12, unda upya: maktaba za zamani zimo kwenye `lib/python3.11`, na 3.12 haitazami humo.

Kwenye `~/.bashrc`, faili la mipangilio ya terminal, nina pia `export PIP_REQUIRE_VIRTUALENV=true`, ili pip ikatae nikisahau kuwasha mazingira. Kosa la nakala lisingezuiwa na mstari huo, maana mazingira yalikuwa yamewashwa, ila ya folda nyingine.