Mwalimu na zile dola mia nne

Novemba 2021, Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, ilipovuka dola 68,000, vijana wa Kongowea, Mombasa, waliamka na bei yake kabla ya chai. Mimi nilikuwa nauza USDT, dola za mtandaoni: nanunua kwa shilingi 112, nauza 115. Kazi yenyewe haina ufundi. Mteja ananitumia M-Pesa, mimi natuma dola kwenye anwani anayonipa, basi.

Ila sikuingia humo kwa shilingi tatu. Nilivutwa na habari ya bloku la kwanza la Bitcoin, yaani ukurasa wa kwanza wa daftari lake, la tarehe 3 Januari 2009, ambamo mwanzilishi wake, huyo aliyejiita Satoshi Nakamoto, alipachika kichwa cha habari cha gazeti kuhusu benki za Uingereza kuokolewa na serikali. Pesa isiyopita mkononi mwa benki! Niliwahubiria watu barazani mpaka wakawa wakiniona wanaaga.

Mwalimu, mstaafu, jirani ya mamangu, alikuja mara ya kwanza na shilingi 46,000. Nikamtumia dola 400 alikotaka. Sikumwuliza ni kwa nani. Muuza visu, nilijiambia, haulizi vinakwenda kukata nini.

Siku tisa baadaye alirudi na 230,000, mkopo wa sacco. Dola zake 400, akanionyesha kwenye simu, zimeshakuwa 1,150. Hesabu ikanijia kabla ya haya: dola 2,000, faida 6,000, kodi ya chumba changu ya mwezi mzima.

Anwani ilikuwa ileile. Daftari la Tron, mtandao nilikozipitishia hizo dola, liko wazi kwa yeyote, nikalifungua, jambo ambalo lingenichukua dakika mbili tangu ile mara ya kwanza. Vijipesa vinaingia kutoka pochi za watu mbalimbali, na hakuna kinacholala. Kikiingia, kinatolewa papo hapo.

"Mwalimu, waombe wakurudishie dola 50 tu. Sasa hivi."

"Usiponiuzia wewe, mwanangu, ataniuzia mwingine."

Ndiyo maneno niliyokuwa nikijifariji nayo mwenyewe.

Akawaandikia, amenuna. Jibu halikukawia: alipe kwanza ushuru wa dola 300. Alilisoma mara mbili, akavua miwani.

"Basi zirudishe wewe. Si wewe uliyezituma?"

Nikaanza kumweleza kwamba zikishakwenda hazirudi, hakuna benki katikati, hakuna wa kupigiwa simu. Ilikuwa ile hotuba yangu ya barazani, neno kwa neno, nami nikaikatiza njiani.

"Na wewe ulipata ngapi pale?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Nipe."

Nikatuma. Simu yake ikalia, akavaa tena miwani, akausoma ujumbe mpaka mwisho.

"Zimebaki elfu arobaini na nne na mia nane," akasema, akajitanda leso yake, akatoka.