Siku moja maishani mwangu: fundi wa gia boksi otomatiki, Dodoma

Saa 12 asubuhi. Kizota ina baridi, na ule upepo wa Julai unaokutilia vumbi hadi kwenye chai umeshaamka. Kwa hiyo sianzi na spana. Namwagia uwanja maji, nafuta meza moja tu, ile ninayofungulia gia boksi. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye valvu bodi, kile kipande chenye njia nyembamba za mafuta ndani ya gia boksi, kazi ya leo inarudi wiki ijayo na matusi juu.

Saa 1 hadi saa 3: IST ya kubadilisha haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, Raum inayovuja sili, supu na chapati mbili kwa mama lishe.

Saa 3 na nusu anaingia mzee mmoja na Noah ya zamani, ile ya injini chini ya kiti. Katoka Kibaigwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gia boksi imekufa. Niwekee nyingine leo leo, kesho nina msiba."

Bei anayo tayari, kapewa na fundi mwingine: milioni moja na laki tatu. Watu wanaamini gia boksi ya otomatiki haitengenezwi, ni kutupa na kufunga nyingine. Namuuliza gari linafanyaje. Likiwa la baridi halina neno, anasema. Likichemka linaondoka na gia ya kwanza, linalia weee, halafu ghafla linakosa nguvu, na taa ya O/D OFF, ile ya gia boksi kwenye dashibodi, inapepesa.

Taa inapepesa? Basi kompyuta inalalamika, tuisikilize kwanza. Noah hizi hazidai mashine ya bei. Kwenye plagi ya uchunguzi unaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, unahesabu. Ikapepesa mara sita, ikatulia, mara tatu. Namba 63: solenoidi ya pili. Solenoidi ni valvu ndogo inayoendeshwa na umeme.

Gia boksi hii inabadilisha gia kwa solenoidi mbili. Ya kwanza ikipata umeme peke yake, ni gia ya 1. Zote mbili, gia ya 2. Ya pili peke yake, gia ya 3. Zote zikikosa, gia ya 4. Ukiitoa ya pili kwenye hesabu, zimebaki gia ya 1 na ya 4 tu. Gari la mzee lilikuwa linarushwa madarasa.

Nikachomoa plagi ya waya za solenoidi, nikaweka mita ya umeme. Ya kwanza omu 13, yaani ukinzani wa umeme. Ya pili omu 13. Inatakiwa 11 hadi 15, yaani zote nzima. Hapo ndipo siku ilipoharibika.

"Kwa hiyo hujui," mzee akasema, akampigia mpwa wake wa Dar na kuweka spika. Mpwa akasema ni kompyuta. Baadaye akasema ni injini maunti, zile raba zinazoshikilia injini. Baadaye akauliza huko Dodoma mafundi mmesomea wapi. Mimi namjibu mtu nisiyemwona, huku vijana wangu wawili wanajifanya wanatafuta spana ili wacheke.

Nikamwambia mzee twende tukalichemshe. Barabara ya Dar, jua la mchana, dirisha la upande wangu halishuki. Tumepita Nane Nane, gia zinaingia kama gari limeshuka melini jana. Ihumwa, safi. Mtumba, safi. Tukageuza. "Umenichomea mafuta bure." Nikanyamaza. Ilipofika Nzuguni, nyuma ya lori linalotambaa, taa ikaanza kupepesa, na nusura nipige vigelegele.

Nikaegesha kando, nikalala chini ya gari. Kokoto mgongoni, ekzosi ya moto karibu na shavu. Plagi, mita. Ya kwanza inasoma. Ya pili, kimya, hakuna kitu. Waya wa koili ndani yake unaachana ukipata joto, ukipoa unagusana tena. Nikamwita mzee ainame ajionee. Akasema suruali yake ni ya kanisani.

Saa baada ya hapo sizikumbuki. Tulishusha sampo, lile karai la mafuta chini ya gia boksi: haidroliki bado nyekundu, haina harufu ya kuungua, na sumaku ina unga mwembamba tu. Gia boksi haijafa kokote. Solenoidi mpya ingekuja na basi kesho, na msiba hausubiri, nikachomoa moja kwenye valvu bodi ya gia boksi iliyokufa kweli. Kipimo cha baridi sikukiamini tena. Hiyo solenoidi nikaifunga kwenye nailoni, nikaizamisha kwenye maji ya moto ya mama lishe, nikapima: inasoma. Nikaigusisha kwenye betri: ta! Nikapuliza hewa: bila umeme haipiti, ikipewa umeme inapita. Nikafunga bolti ya namba kumi, sampo, gasketi, haidroliki.

Mzee akaishika ile mbovu, ndogo kama kidole gumba. "Kadude haka laki na ishirini?"

"Kadude ni elfu arobaini, mzee. Nyingine ni ya kukatafuta."

"Kukatafuta tumekatafuta wote. Na mafuta yalikuwa yangu."

Akatoa laki. Elfu ishirini angetuma kwa simu.

Saa 3 usiku bado nasugua kucha kwa sabuni ya unga, simu ikaita. Kafika Kibaigwa, gia zote nne zinaingia. Ya elfu ishirini hakuigusa. Aliuliza tu kama na injini maunti natengeneza.