HGK yetu, kabla hamjaziona namba

Matokeo ya form six yakitoka mwezi wa saba mtaingia kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, mtatukuta sisi wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) tumepangwa kwa namba za mtihani, jinsia F, pointi, division, halafu masomo na alama zake, jina hakuna. Sawa, ndo utaratibu na wala sina ugomvi nao, ila nimekaa na hawa wasichana miaka miwili huku Iringa na siwezi kukubali mtu niliyelala nae dabo deka moja abaki kua "one ya 7" basi. Kwahiyo nawaandika sasa hivi, pepa zimeisha na watu wanapanga mabegi ya kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Majina naacha, nawaita tulivyokua tunaitana bwenini, wenyewe mtajijua.

Naanza na Mama Msuli. Kila shule ina mtu wa kukesha na madaftari, wetu alikua anaamka saa tisa usiku anaenda darasani na beseni la maji ya baridi, anatumbukiza miguu ili asisinzie. Sikieni, hii ni Iringa, mwezi wa sita, sisi tumevaa soksi mbili mbili na sweta juu ya sweta, yeye miguu ipo kwenye maji anasoma mofimu. Na wala hakua mchoyo! Desa lake lilizunguka bweni zima mpaka jalada likapotea, ukimfata na swali la ramani anakuelekeza kuanzia mwanzo kabisa, kontua zikikaribiana maana yake mteremko mkali, zikiachana hapo pametulia, halafu ukishaelewa anakwambia haya sasa nifundishe mimi. Ukikwama anarudia bila kununa. Mi jiografia nimeielewa kwake, nalisema hili mbele ya watu wote.

Bosi wa Ubuyu simuongelei sana maana bado anadai watu. Alikua na daftari la madeni lina mistari kwa rula, peni nyekundu kwa wasumbufu, ila mtu akiumwa alikua anampelekea karanga sikubei na hiyo haiandikwi popote.

Sasa kuna watani wawili, hawa siwezi kuwatenganisha hata kwenye kuandika. Mmoja Mhehe wa hapahapa Iringa, mwingine Mngoni wa Songea, na mnajua Wahehe na Wangoni ni watani, babu zao walipigana sana karne ya 19 mpaka utani ukazaliwa hapo. Hawa walipigania kila kitu, kijiko, foleni ya uji, nafasi ya kuanika nguo. Mngoni akikuta ndoo yake imesogezwa anapiga kelele "mmeanza tena uvamizi!", Mhehe anajibu kutoka juu ya kitanda "ndoo imetekwa, leta ng'ombe tuongee".

Ikifika topiki ya ukoloni ndo utawaona vizuri. Mhehe alikua anasimulia Lugalo 1891, pale Wahehe walipowapiga Wajerumani, kama alikuepo, anasimama mbele anapanga viti, hapa jeshi la Zelewski, kamanda wa Wajerumani, linapita, hapa kwenye vichaka watu wa Mkwawa, mtwa wa Wahehe, wamelala, kimya, kimya, halafu anapiga meza kwa nguvu mpaka mwalimu wa zamu anakuja kuchungulia dirishani. Mngoni nae hakubali, anainuka na Majimaji, 1905 mpaka 1907, na wazee wao walionyongwa pale Songea tarehe 27 Februari 1906. Siku tulipoenda Kalenga kwenye makumbusho tukaliona fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, Mngoni aliliangalia muda mrefu sana, akasema la kwetu bado, maana Wangoni wanakidai kichwa cha Nduna Songea Mbano, mmoja wa wale walionyongwa, mpaka leo. Nilijua mtani wake atamrushia neno. Hakurusha, alimshika mkono akasema "la kwenu tutalidai wote." Kwenye basi kurudi wakaanza kugombania siti ya dirishani. Nawapenda hawa watu jamani.

Mheshimiwa mnamkumbuka, yule wa GS, General Studies. Kwake kila kitu ni hoja. Ugali ulivyoanza kupungua muhula ule alienda kwa matroni na hoja nne kwenye karatasi, utangulizi na hitimisho juu, na ugali ukaongezwa kweli. Akigombea ubunge popote mi nahamishia kadi yangu huko.

Halafu Malenga. Huyu aliongea kidogo sana, wiki nzima unaweza kupata "asante" na "nipishe", ila shairi la mahafali alitunga yeye. Beti kumi na mbili, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vyote vimekaa. Kwenye mahafali watu tumezoea kusifu mgeni rasmi na mkuu wa shule, na yeye aliwasifu, ubeti mmoja mmoja, lakini wapishi aliwapa beti mbili! Mlinzi wa getini nae ubeti mzima. Ilipofika ya makande mpishi mkubwa aliacha jiko, akapita katikati ya wazazi na aproni yake, akaenda kumtunza noti pale pale mbele, vigelegele havikatiki. Kwangu hilo ndo shairi bora nililowahi kusikia kwa masikio yangu.

Wa mwisho ni Temeke, mtoto wa Dar. Alikuja form five mwezi wa saba, baridi yenyewe yenyewe, na shuka moja jepesi na kale kafeni ka kuchaji alichofungiwa na mama ake, maana kwa mama joto ni joto tu nchi nzima. Usiku wa kwanza tulisikia meno yanagongana. Tukamchangia, huyu blanketi, yule soksi, Mngoni akatoa khanga nzito ya bibi yake. Kuoga asubuhi aligoma, akaanza kujipendekeza kwa wapishi apate maji ya moto, anasaidia kuchambua maharage, mara anakoroga uji, mara kashika ule mwiko mrefu wa ugali anausukuma kwa mabega yote mawili, na pilau la mahafali mlilolisifia wazazi yeye ndo alilitia viungo.

Juzi kanitumia meseji kapangiwa Bulombora, Kigoma, anauliza shosti huko kuna baridi? Nikamwambia hakuna, ni joto, kuna Ziwa Tanganyika, kuna migebuka. Akajibu kwa voisi anapiga kelele, hiyo migebuka inaungwa na nazi? Nikamwambia wenzako wanapikia mawese. Sasa hivi anatafuta mtu wa Kigoma wa kumuelekeza mawese yanapikwaje, kama unatokea huko mwandikie hapo chini, anasafiri Jumanne.