Jinsi nilivyotoboa breketi ngumu ya kalipa

Nawaandikia mnaofunga wenyewe breki kubwa za gari nyumbani. Breketi ya kushikia kalipa mpya (kifaa kinachobana diski ya breki) kwenye Corolla yangu ilihitaji matundu ya boliti za milimita 12, na chuma chake kilikataa kabisa. Biti, yaani ncha ya drili inayotoboa, ilipiga kelele, ikageuka buluu, na pale ilipogusa pakabaki panang'aa kama kioo. Biti za kawaida kutoka soko la Kisekka, Kampala, ziliisha makali moja baada ya nyingine. Kuongeza kasi kulizidisha moto tu.

Kilichofanya kazi ni biti ya chuma chenye kobalti, ncha yake ikiwa na pembe ya nyuzi 135, kwenye drili ya kusimama ya fundi mmoja wa Katwe, hapo hapo Kampala. Breketi tuliibana vizuri kwenye jiliwa, tukaigeuza tuanzie upande ambao haukuwa umeguswa. Biti ya milimita 5 kwanza, mizunguko 600 hivi kwa dakika, kisha 8, mwisho 12 kwa mizunguko 250 tu, mafuta ya kukatia yakidondoka muda wote.

Siri yote iko kwenye mkono. Kandamiza kwa nguvu isiyolegea, mpaka uone chuma kinatoka kwa nyuzi zilizojikunja. Biti ikizunguka bila kukata, hata sekunde chache, inasugua chuma na kukifanya kigumu zaidi. Ukitaka kusafisha, inyanyue kabisa, tia mafuta, rudi na ukandamize papo hapo.

Kingo nilizilainisha kwa tupa, nikafunga boliti za daraja la uimara 10.9. Zimeingia bila kulazimishwa.