Siku Moja Maishani Mwangu: Kuisoma Bahari ya Nungwi Kabla ya Kuzamia

Watu wakiniuliza kazi yangu nikawajibu kuwa ninaongoza wageni kupiga mbizi, husema nimebahatika, kwa sababu nalipwa kuogelea na kutazama samaki. Ukweli ni kwamba muda ninaokaa chini ya maji kwa siku haufiki saa 2. Saa zilizobaki nazitumia kuamua kama tutazama au hatutazama, na wapi. Siku ninayoisimulia hapa ni ya katikati ya Agosti, upepo wa kusi ukiwa umekaza, tarehe 16 ya mwezi mwandamo, yaani bamvua kubwa, maji yanapojaa na kukupwa kuliko siku nyingine.

Saa 11 alfajiri. Baada ya swala sirudi kulala. Napita kwanza pwani ya magharibi, mbele ya mahoteli, ambako maji yametulia kama mafuta, kisha naendelea kwa miguu hadi karibu na mnara wa taa, kwenye ncha ya kisiwa. Mgeni anayeamka na kuitazama bahari kutoka kwenye baraza yake anaona upande mmoja tu. Unguja yote inamkinga na kusi, naye hajui kuwa amekingwa. Mnarani ndipo kisiwa kinapoishia na bahari ya mashariki inapoanza.

Kabla ya mwanga nasikiliza. Wimbi refu linapovunjika mwambani huacha kimya kirefu nyuma yake. Wimbi fupi halipumziki, linanguruma mfululizo. Asubuhi hiyo hapakuwa na pumziko. Kulipopambazuka nilichagua jiwe moja, nikahesabu mawimbi 10 yaliyolipita, na saa yangu ikaonyesha sekunde 62. Wimbi la sekunde 6 ni wimbi la upepo, lenye ubavu mkali. Kisha nilitazama upeo wa macho: mstari haukuwa umenyooka, ulikuwa na meno, na ukiona meno kutoka ufukweni ujue kule nje mawimbi yamesimama wima.

Saa 12:30 nilikuwa ofisini na daftari langu. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitaja upepo wa kusini-mashariki wa kasi ya kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Jedwali la maji lilisema maji yatakupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa saa 10 jioni, kwa tofauti inayokaribia mita 4. Maji mengi kiasi hicho yakipita kwa saa 6, mkondo wake unakuwa mkali zaidi katikati ya safari, kwa hiyo dirisha letu lilikuwa dogo: kuingia majini saa 4, maji yanapolala, na kumaliza kabla mkondo wa kujaa haujapata nguvu.

Nahodha wetu, ambaye sote tunamwita Ami, aliingia nikiwa bado naandika. Huyu ni mtu aliyevua kwa tanga miaka mingi kabla ya kushika injini.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umefika mnarani?"

"Nimefika. Kumechafuka."

"Nimesikia tangu nikiwa kitandani."

Mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu. Mnemba, kisiwa kidogo cha upande wa mashariki, haiendeki, tutakwenda kwenye miamba ya upande wa kisiwa cha Tumbatu, magharibi, kulikokingwa. Nilifuta jina la Mnemba ubaoni na kuandika lingine, nikakagua mitungi 12, kila mmoja ukiwa na hewa ya mgandamizo wa bar 200, nikaandaa oksijeni ya dharura, nikanywa chai.

Saa 1:40 akaja mgeni mmoja. Alisimama mbele ya ubao, akasoma, akaniuliza nani amebadilisha. Nilimwambia ni mimi na nahodha. Akanyoosha kidole kwenye pwani ile iliyolala, akaniambia kwamba hata mtoto mdogo anaweza kuogelea pale, na kwamba amesafiri kutoka mbali kwa ajili ya Mnemba, na hii ndiyo siku yake ya mwisho. Sikumlaumu kwa kuumia. Mtu aliyejinyima mwaka mzima ili aje azame ana haki ya kuumia.

Nilimfafanulia upepo. Hakuridhika. Alitoa simu na kunionyesha programu yake ya hali ya hewa, iliyosema mita 1.5, akauliza kama kweli tunaogopa mita 1 na nusu. Nikamweleza kwamba namba ile ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na kwamba ndani ya saa moja linaweza kuja wimbi moja moja linalokaribia mara 2 ya hapo. Nikamweleza pia kuwa mita 1.5 zinazokuja kila baada ya sekunde 12 zinaibeba boti na kuishusha taratibu, ingawa zitakusukasuka hadi chini mwambani, lakini mita 1.5 za sekunde 6 zinaipiga boti kama mlango unaofungwa kwa hasira. Akasema basi tusubiri, twende saa 9 alasiri. Hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi, kwa sababu ndege yake iliondoka saa 2 asubuhi ya kesho yake. Aliyezama zaidi ya mara 1 anashauriwa asipande ndege mpaka zipite angalau saa 18, naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka. Ilimpasa awe nje ya maji kabla ya saa 8 mchana. Tena kusi haitulii mchana. Jua likipanda nayo huzidi.

Nikaomba pikipiki mbili, nikampeleka mnarani akajionee mwenyewe. Tulisimama pale pale niliposimama alfajiri. Alitazama kwa muda mrefu, upepo ukimpeperushia shati, kisha akasema kwa sauti ya chini kuwa haoni ubaya wowote. Nikamwambia atazame povu lile jeupe, aliwazie kila povu kuwa kichwa cha mtu, kisha anionyeshe kipi ni kichwa na kipi ni povu. Hakujibu. Wakati huo huo boti nyingine, iliyobeba wageni, ikaupita mnara mbele ya macho yetu na kukata kuelekea mashariki. Alinigeukia bila kusema neno, na sikuwa na haja ya kuambiwa anachofikiri.

Mimi nilikuwapo Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, meli ya abiria MV Spice Islander ilipozama katika mkondo ulio kati yetu na Pemba, na walionusurika wakaletwa kwenye pwani hii hii. Meli ile ilikuwa imepakia watu kupita kiasi, hilo ndilo lililoizamisha, lakini tangu siku hiyo sijaweza tena kuitazama bahari ile na kusema "si mbali." Haya sikumwambia mgeni, kwani hakuja Unguja kusikiliza misiba yetu.

Akapanda boti, amenuna. Tuling'oa nanga saa 3.

Upande wa Tumbatu nilizama peke yangu kwanza, na hufanya hivyo kila siku hata kama nilikuwapo jana yake. Nilidondosha kipande cha kumbi la nazi kilicholowa kwenye omo, mbele ya boti, nikasoma saa: kilichukua sekunde 40 kufika tezi, nyuma yake, na boti yetu ina urefu wa mita 10, kwa hiyo mkondo ulikuwa robo mita kwa sekunde. Ukifika nusu mita kwa sekunde, mzamiaji wa kawaida hawezi kuogelea kinyume chake kwa muda mrefu, na simshushi mtu yeyote. Kamba ya boya ilikuwa imeinama kidogo tu. Tukazama, tukaona kasa na chewa mmoja aliyejibanza pangoni, tukasimama dakika 3 kwenye kina cha mita 5 ili naitrojeni ianze kutoka mwilini, tukatoka salama.

Mzamo wa pili ndio ulionimaliza. Tulitoka saa 6:45 na upepo ulikuwa umeshazunguka kisiwa. Hata pale kwenye kinga maji yalikuwa yamekunjamana, na mkondo wa kujaa ulikuwa unaelekeana uso kwa uso na upepo, jambo linalolifupisha wimbi na kulisimamisha wima. Ngazi ya boti ilikuwa inapanda nusu mita na kushuka kwa kishindo. Watu hudhani hatari iko kilindini, na mimi nahofia zaidi ngazi. Nilining'inia kwenye kamba ya tezi, nikimpokea kila mtu mapezi yake, nikimwambia asubiri, asubiri, sasa! Bibi mmoja mtu mzima alikosa kidato, nikamsukuma kwa bega na ngazi ikanishukia mkononi. Yule mgeni wangu alikuwa wa mwisho. Alisubiri bila kuniharakisha, na alipopanda alinishika mkono wangu usioumia akanivuta juu. Kama kinga ilikuwa hivyo, Mnemba ilikuwaje? Nililiwaza, sikulisema.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Kulikuwa na kijana aliyetapika njia nzima, kulikuwa na mitungi ya kubeba mchangani, majaketi ya kuzamia ya kusuuza kwa maji yasiyo na chumvi, kompresa ya kujazia mitungi iliyonguruma hadi kichwa kikauma, na mkono uliovimba nikaufunga kitambaa. Wakati fulani niliona akinamama wakirudi na pweza waliowapata mwambani maji yalipokupwa, nikakumbuka kuwa sijala.

Magharibi ilikuwa imeshaingia mgeni aliponifuata ofisini. Alikutana ufukweni na watu wa ile boti nyingine. Walizama Mnemba, wakarudi wote wazima, tena waliona pomboo, zaidi ya 20. Aliniambia hayo kwa utulivu, bila ukali, na hilo lilinichoma zaidi kuliko angefoka. Sikuwa na chochote cha kumwonyesha, kwani ajali ambayo haikutokea haina picha. Nilimwambia nimefurahi kuwa wamerudi salama, na nilimaanisha hivyo kwa moyo wangu wote, na kwamba kesho nikiyakuta mawimbi yale yale nitaifuta Mnemba tena. Akaaga.

Usiku nilifungua daftari na kuandika: sekunde 6, mita 2, meno upeoni, ngazi mbaya saa 6:45. Kesho maji yatakupwa dakika 40 hivi baadaye kuliko leo. Ami alipiga simu kabla sijalala, akaniuliza mkono, kisha akasema kwake upepo bado unatikisa mabati. Nikaweka kengele ya saa 10:40.