Kura chache kuliko kadi

Nilifanywa katibu wa tawi kwa sababu ya mwandiko. Sikugombea wala sikuomba. Mjomba wangu, aliyekuwa mwenyekiti, alisema kijana huyu anaandika herufi zinazosomeka bila miwani, wakapiga makofi, basi. Jina la chama sitalitaja. Waliokuwapo Magomeni ya Mtwara mwaka 2015 hawahitaji kutajiwa, na wengine haliwasaidii kitu.

Oktoba 25 mwaka huo tulishindwa. Ubunge wa Mtwara Mjini ulikwenda kwa chama cha CUF, na udiwani wetu ukafuata njia hiyohiyo. Baada ya muda ikaja barua kutoka wilayani: kila tawi lieleze kwa maandishi sababu za kushindwa na namna ya kurudisha imani ya wananchi, usizidi ukurasa mmoja.

Tulikaa barazani kwa mjomba, Jumapili moja ya Januari 2016, baada ya swala ya adhuhuri. Korosho zilikuwa zinaishia, mvua zimeshaanza, na joto la siku ile lilikuwa la kushikika kwa mkono. Mkewe mjomba alituletea sinia la ming'oko ya kuchemsha na pilipili iliyopondwa na ndimu. Watu walikaa bila kupangwa: wazee wakachukua mkeka, akina mama na vijana wakabanana kwenye benchi lililoazimwa madrasa. Magazeti yangewaita wa kwanza wahafidhina, wa pili wenye msimamo wa kati. Sisi tuliwaita watu wa mkeka na watu wa benchi, na mpaka leo nikirudi nyumbani nasikia mtu akiulizwa kwa utani, "Wewe wa mkeka au wa benchi?"

Mjomba alikuwa wa mkeka. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi kama mchana: watu walipotoshwa. Walidanganywa juu ya gesi, wakadanganywa juu ya korosho, na vijana wakabebwa na miziki ya kampeni. Dawa ni nidhamu. Waliokula huku na kupigia kura kule wanyang'anywe kadi, wabaki wachache wanaoaminika, na mgombea ajaye atoke miongoni mwa waliokisotea chama tangu zamani.

Gesi ndiyo iliyokuwa kidonda. Desemba 27, 2012 watu waliandamana mjini kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa "gesi haitoki". Mei 22, 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji uliwaka. Wanajeshi wakaletwa, watu walipoteza maisha, nyumba zikachomwa. Bomba lilijengwa hata hivyo, na uchaguzi wa 2015 ulipofika lilikuwa limekwisha. Sasa nenda ukaombe kura.

Mama mmoja muuza samaki, wa benchi, alisimama akijifunga kanga upya. Huwa hasemi sana vikaoni. "Mwenyekiti, shikamoo. Siku ile ulipita nyumba kwa nyumba ukatwambia tufunge milango. Mimi nilifunga. Mwanangu alikuwa nje. Kesho yake nani wa chama alikuja kuniuliza kama amerudi?"

Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja aliendelea kumenya mng'oko uleule uliokwisha kumenyeka.

Watu wa benchi hawakutaka kumfukuza mtu. Walitaka chama kikiri kosa, kikae kwenye chama cha msingi cha ushirika na wakulima wa korosho siku wanapolia na malipo ya awamu, na kura za maoni za kumpata mgombea zisiamuliwe kabla hazijapigwa. Hilo la mwisho lilichoma, maana kila mtu alijua linamhusu nani. Mjomba akasema chama si dau, kila upepo ugeuze tanga. Mwalimu wa uraia, mtu wa benchi kwa roho ingawa alipewa kiti chake peke yake, akamjibu kwa heshima zote: "Asiyegeuza tanga, mwenyekiti, huenda Mikindani akalala Msangamkuu." Hata mkeka ulicheka.

Nilipoanza kuandika ndipo vita vikaanza. Sentensi ya kwanza tu. Mkeka ulitaka: "Wananchi walipotoshwa." Benchi lilitaka: "Hatukuwasikiliza wananchi." Niliandika, nikafuta, nikaandika. Daftari lile kubwa ninalo bado, na mahali pale karatasi imetoboka kwa ufutio.

Mwalimu akaona alete mfano wa mbali, labda hasira zitapoa. Akasimulia kuwa Marekani, Mitt Romney aliposhindwa na Obama mwaka 2012, mwenyekiti wa chama cha Republican, Reince Priebus, aliagiza uchunguzi wafanyiwe wao wenyewe. Machi 2013 ripoti ikatoka, kurasa kama 100. Ilisema chama kimejifungia ndani kinaongea peke yake. Kibadili lugha kwa akina mama na vijana, na kikubali kurekebisha sheria za wahamiaji ili kiwapate wapiga kura wenye asili ya Amerika ya Kilatini.

"Na baada ya hapo walishinda?" mjomba akauliza.

"Mwaka 2014 walichukua Seneti."

"Kwa kufuata hayo ya wahamiaji?"

Mwalimu alikuwa mkweli, na ukweli wake ulimponza. Alisema hapana: muswada ulipita Seneti 2013, lakini Baraza la Wawakilishi, lililokuwa mikononi mwa chama hichohicho, halikuujadili kabisa. Mkeka ukalipuka kwa vicheko. Mjomba hakucheka. Akanigeukia: "Katibu, andika. Walipotoshwa."

Hapo mvua ikashuka. Anayelijua bati la Mtwara mwezi wa Januari anajua kwamba hakuna mjadala unaoendelea chini yake. Tulikaa kama nusu saa tukitazamana. Ilipopungua, watu walikuwa wanataka kwenda makwao, na mjomba, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akasema niandike zote mbili. Nikaandika: "Wananchi walipotoshwa, na sisi hatukuwasikiliza." Mwalimu aliisoma, akaniuliza kwa kunong'ona kama tunadai kwamba tungewasikiliza wasingepotoshwa, au kwamba tungewasikiliza tungewapotosha sisi. Sikumjibu. Ilikuwa inakaribia Magharibi.

Usiku, wote wakiwa wameondoka, mjomba aliniita chumbani kwake. Alitoa kabatini karatasi iliyokunjwa mara nne: nakala ya matokeo ya vituo vyetu viwili, aliyopewa na wakala usiku ule wa Oktoba. Akaleta na leja ya wanachama. "Mpwa wangu, macho yangu hayaoni vizuri. Hesabu kadi hai." Nilihesabu kwa kibatari, umeme ulikuwa umekatika na mvua. Kisha akanitaka nisome kura.

Kura zilikuwa chache kuliko kadi. Si kidogo. Nilihesabu tena, nikijua kwamba sikukosea, ili nisilazimike kuinua uso haraka.

"Humu ndani kwangu zimo kadi tano," alisema, akikunja karatasi ileile mikunjo ileile. Kutoka jikoni tulisikia mkewe akiosha sinia. Hakusema lolote zaidi juu ya hilo, na mimi sikuwa na umri wa kuuliza. Baadaye kidogo akauliza, "Wale Wamarekani waliandika kurasa ngapi?"

"Mia, mjomba."

"Mia. Na sisi moja imetutoa jasho."

Barua niliipeleka wilayani mwenyewe kwa bodaboda. Majibu hayakuja.

Novemba mwaka huohuo, nikiwa nimeshahamia Dar es Salaam, simu iliita asubuhi. Ni mjomba, amesikia redioni kwamba Trump ameshinda, na furaha yake haikuwa ya Trump. "Umeona? Ripoti iliwaambia wawe wapole kwa wahamiaji. Huyu ameahidi ukuta, na amechukua nchi. Kamwambie mwalimu wako."

Wiki kadhaa baadaye, kura zilipokwisha kuhesabiwa zote, nilimpigia nikamweleza kwamba kwa kura za wananchi mpinzani wake, Hillary Clinton, alimzidi kwa karibu milioni 3. Trump alishinda kwa hesabu ya majimbo. Mjomba alinyamaza mpaka nikadhani salio limeniishia.

"Kura chache, na ameshinda?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hesabu hiyo," akasema, "huku Magomeni hawajatuletea."